Kati ya riwaya hizi tatu za mapenzi, nichukue ipi?

Msomaji_Usiku:
Wakuu, salaam. Natafuta riwaya ya mapenzi yenye mhusika mwenye usonji (autism). Nimebakiza tatu: The Kiss Quotient (2018) na The Bride Test (2019) za Helen Hoang, na Act Your Age, Eve Brown (2021) ya Talia Hibbert. Nina uwezo wa kuagiza moja tu, na naagiza leo. Ipi?

Bint_Kurasa:
Ya nani? Ana umri gani? Zote tatu zina mambo ya chumbani, tena waziwazi. Usipotuambia msomaji ni nani, tutabahatisha tu.

Jicho la Tatu:
Chukua ya Hibbert. Eve na Jacob wote wana usonji, kwa hiyo hakuna anayesifiwa kwa "kumvumilia" mwenzake. Halafu hawafanani hata kidogo, na hilo peke yake ni somo.

Mzee wa Riwaya:
Mimi nasema Kiss Quotient. Stella anamlipa Michael amfundishe mapenzi, na anakuja na mpango wa masomo alioandika mwenyewe. Mdomo wake umeshakubali, lakini Michael akiona mwili umekakamaa, anaacha. Na mwandishi mwenyewe aligundulika ana usonji akiwa mtu mzima.

Bint_Kurasa:
Hapo kwenye kuacha nakuunga mkono. Bride Test ndiyo inanikera. Mama anakwenda Vietnam kumtafutia Khai mchumba bila kumuuliza. Sawa, Khai ndiye mwenye usonji, na ridhaa yake tunaijadili. Esme, huyo mchumba, je? Kaja kwa muda, analala nyumba ya Khai, mtoto kamwacha kwao. Akikubali, anakubali kwa uhuru gani?

Mkimya:
Nina usonji, nina miaka 31. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Niliwahi kuwa na mtu aliyependa zile riwaya ambazo mwanamume anamnyamazisha mwanamke kwa busu katikati ya ugomvi. Siku moja tunabishana jikoni, akafanya vivyo hivyo. Nikaganda. Mkono umeshika ukingo wa sinki, bomba liko wazi, nasikia maji tu. Yeye akadhani naona haya. Mguso mwepesi unaniwasha kama upupu; kukumbatiwa kwa nguvu ndiko kunanituliza. Hakuwahi kuuliza. Nami tangu utotoni nilifundishwa kujificha: mtazame mtu machoni, tabasamu, mkumbatie mgeni. Nikakua, "sawa" ikawa inanitoka kabla sijajua ninataka nini. Miezi minane tuliishi hivyo. Nilipomweleza akasema, "Mbona hukusema?"

Basi nikikutana na mhusika mwenye usonji, natazama kama anapewa muda wa kujibu, au mwenzake anamjibia.

Kalamu_Nyekundu:
Pole sana, dada. Ila tukiulizana kila hatua, mahaba yatabaki wapi? Na wagonjwa wa usonji si inasemekana hawasomi ishara?

Bint_Kurasa:
Usonji si ugonjwa, ndugu yangu. Ni namna mtu alivyozaliwa. Na huyo wa jikoni hakuwa na usonji, ishara ilikuwa mbele ya pua yake.

Mzee wa Riwaya:
Damian Milton, mwanasosholojia mwenye usonji, aliliandikia hilo mwaka 2012: kutoelewana kunatoka pande zote mbili, lakini lawama inabebeshwa upande mmoja. Waandishi wengi bado wanamwandika mwenye usonji kama kompyuta, au kama mtoto wa kulindwa. Mtoto hana ridhaa ya kutoa, ndiyo maana picha hiyo ni ya hatari kwenye hadithi ya mapenzi.

Jicho la Tatu:
Ndiyo maana nikasema Hibbert. Wanaulizana, na mahaba yapo tele.

Kalamu_Nyekundu:
Neno "wagonjwa" nalifuta. La kuulizana bado sijashawishika.

Msomaji_Usiku:
Samahani, nilikuwa kazini. Ni ya mchumba wangu, ana miaka 27, mwezi uliopita kapimwa na kuambiwa ana usonji. Nilitaka tuisome pamoja.

Mkimya:
Yeye anajua unamtafutia kitabu cha usonji?

Msomaji_Usiku:
Hajui. Nilitaka kumshtukiza.

Mkimya:
Mimi nisingependa kushtukizwa kwa hilo.

Msomaji_Usiku:
Nimemtumia majina yote matatu. Kasoma, hajajibu. Nimesimamisha oda.

Jicho la Tatu:
Mpe nafasi. Hivi ya Hibbert ipo ya kusikiliza? Macho yangu siku hizi yanachoka.