Mada: Ruzuku ya deikea imekatwa, mlezi hajalipwa

Mama Wawili:
Ndugu zangu, habari za majukumu. Mwaka wa ruzuku yangu ya CCDF, ule msaada wa serikali ya hapa Marekani wa kulipia malezi ya watoto, ulikuwa unaisha, nikapeleka karatasi za kuhuisha mapema: hati za mshahara, barua ya mwajiri, kila kitu. Ofisi inasema haikupokea chochote. Kesi imefungwa, na barua ya kunijulisha ikafika ikiwa imeshafungwa. Mwanangu ameendelea kwenda kwa mlezi, mama mwenzetu anayelea watoto nyumbani kwake, kwa kuwa sikujua. Wiki hizo nani atamlipa? Wakirudisha kesi, wanahesabu tangu ilipofungwa au tangu ombi jipya?

Baba Imani:
Pole dada. Sheria iko wazi. Tangu 2014 ukishapewa CCDF ni miezi 12, hata mshahara ukipanda, mradi usivuke asilimia 85 ya kipato cha kati cha jimbo. Hata ukipoteza kazi, lazima wakuachie angalau miezi 3 ya kutafuta nyingine. Mimi walitaka kunikata nilipotoka shifti ya usiku kwenda ya mchana. Nikawapelekea kifungu chenyewe, wakanyamaza. Kata rufaa!

Dada wa Zamu:
Baba Imani, soma swali kwanza. Miezi yake 12 imeisha, hili ni suala la kuhuisha. Kifungu chako hakimsaidii. Mama Wawili, walikupigia muhuri ulipopeleka? Mimi siachi karatasi dirishani bila muhuri, na nikituma kwa mtandao napiga picha ya skrini yenye tarehe. Rufaa nayo ina siku zake, tazama kwenye ile barua, maandishi madogo.

Mlezi wa Nyumbani:
Naomba niseme upande wetu, maana wazazi mnaongea kama mnaoumia ni ninyi peke yenu. Hela ya ruzuku huja kwangu. Kesi ikifungwa, deni ni langu. Nina leseni, bima nalipa, wakaguzi wanaingia bila taarifa, na idadi ya watoto ina kikomo. Nafasi isiyolipwa siwezi kumpa mtoto mwingine kwa sababu mwenyewe yumo, ananiita bibi. Nimfukuze? Kanuni ya serikali kuu ya 2024 ilitaka majimbo yatulipe kabla, tena kwa kufuata uandikishaji na si mahudhurio. Kwangu bado nalipwa baadaye, na mtoto akiugua sana nakatwa. Kinachonishikilia ni CACFP, mpango wa serikali wa chakula cha watoto walio kwa walezi, angalau sehemu ya gharama ya chakula inarudi. Walezi wenye leseni ambao hamjajiunga, mnangoja nini?

Baba Pacha:
Samahani kuingilia. Mlezi wangu hataki kunipa namba yake ya kodi, SSN wala EIN. Fomu 2441, ile ya kuomba punguzo la kodi kwa gharama za malezi, nitaijazaje?

Dada wa Zamu:
Fungua mada yako, kaka. Haya: mpe W-10, fomu ya mlezi kuandika jina, anwani na namba yake, ajaze. Akikataa, jaza jina na anwani yake kwenye 2441, na ueleze kwamba uliomba akakataa. Weka ushahidi. Usitegemee makubwa lakini. Wanahesabu gharama hadi dola 3,000 kwa mtoto mmoja, 6,000 kwa wawili au zaidi, kisha unapata asilimia tu ya hizo.

Mzee Kijana:
Ndiyo maana nasema tulikosea kuhama. Nyumbani mtoto ana shangazi, ana bibi, ana jirani. Hakuna fomu.

Dada wa Zamu:
Na yule binti wa kazi aliyekuwa akiamka alfajiri, alilipwa ngapi, Mzee? Tusidanganyane. Huko nako malezi yalikuwa rahisi kwa sababu kuna mtu aliyepunjwa.

Mzee Kijana:
Sawa mwanangu, umenishika. Lakini mnagombana na afisa wa dirishani bure. Mwaka 1971 Congress, bunge la Marekani, ilipitisha sheria ya malezi ya watoto kwa nchi nzima, Rais Nixon akaikataa kwa veto. Tatizo ni la huko juu.

Baba Imani:
Si huko juu tu. Mabilioni ya serikali kuu ya 2021 ya kuokoa vituo vya malezi yalikwisha Septemba 2023, na majimbo mengine yakaweka ya kwao. Jimbo la New Mexico tangu Novemba 2025 wamefuta kikomo cha kipato cha kupata ruzuku. Kwa hiyo jimbo likitaka, linaweza.

Mlezi wa Nyumbani:
Basi njooni Jumanne, kamati ya bajeti ya bunge la jimbo inasikiliza wananchi. Kila mtu ana dakika mbili. Wazazi mkija peke yenu watasema mnataka vya bure, nasi walezi tukija peke yetu watasema tunatafuta biashara. Tukae wawili wawili, mzazi na mlezi wake. Semeni mnalipa nini na nani hajalipwa, hotuba acheni nyumbani. Baba Imani, wewe hasa.

Baba Imani:
Nimesikia, mama. Maegesho pale ni ya kulipia?