AMI YANGU KAAMBIWA "SOGEA MZEE, UNAZIBA PICHA"!!!

Nduzangu wa Amu, Lamu yetu hii, nimetoka huko sasa hivi, mikono yatetemeka. Mnaijua ile nyumba ya sanaa ya mtaani, ile ya "hatutafuti faida, hii ni yenu nyote", na msimamizi wake mnamjua sina haja ya kumtaja, akipita na ile kofia yake hata punda wampisha njia.

Ametuma watu mara tatu kumbembeleza ami aje apige zumari usiku wa kufungua maonyesho. Ami tangu laasiri anapiga pasi kanzu, katoa joho lake la harusi, kajifukiza udi mpaka majirani wakauliza nani aoa. Goma likaingia, wazee safu moja na bakora zao, ami mbele. Sasa mpiga zumari hakati pumzi, avuta kwa pua huku mashavu yapuliza, ukimgusa umemharibia. Huyu bwana kamshika bega zumari iko mdomoni!! "Sogea kidogo mzee, unaziba picha."

Picha yenyewe ya jahazi. JAHAZI. Amu hii ukitaka jahazi si ufungue dirisha tu?

Mji huu umetiwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2001, wadhani ni kwa sababu ya fremu zake? Kwa wafadhili anaandika "sanaa za jadi", hiyo jadi ndiyo ameisukuma bega mbele ya wageni wake! Ami hakujibu, kaitia zumari mfukoni karudi nyumbani. Yuko barazani hapa, kahawa imepoa hajaigusa. Unaziba picha. Mzee wa miaka sabini na kitu wallahi, unaziba picha!

BinBaraza: Pole. Lakini kweli alikuwa anaziba?

Mwenye uzi: WEWE ULIKUWEPO? Kasimama pale pale walipomuweka!

Kitukuu_cha_Nahodha: Joho la harusi miaka hamsini bado lamtosha? Mie hilo ndilo limenishangaza 😂

MamaMahamri: Bora ami kasukumwa, mie niliwapikia mahamri 200 na viazi karai maonyesho yaliyopita mpaka leo naambiwa mfadhili hajatuma.

MtuWaPunda: Mama we wadai mahamri, mie niliwabebea sanamu ya chuma toka gatini, punda kachechemea wiki nzima, naambiwa nijitolee kwa ajili ya mtaa.

Langoni4Life: Umetaja punda, mavi ya kichochoroni azoe nani? Jana nimekanyaga naenda msikitini.

MtuWaPunda: Punda kamgonga nani? Kaulizeni hao wa pikipiki wanaokimbizana na watoto forodhani.

Langoni4Life: Pikipiki hainyi.

MtuWaPunda: Yapiga kelele mpaka adhana haisikiki!

Mwenye uzi: Jamani. AMI YANGU.

BinBaraza: MamaMahamri kesho asubuhi unapika? Niwekee ya mia.