Malindi: mwaka mzima kanisa letu limepokea sadaka za wazee na kuwaacha wazee wenyewe nje

Wadau, salaam. Uzi huu ni mrefu na nina hasira, mnivumilie.

Niseme wazi mapema ili mtu asinipotezee mada: sigombani na serikali kwa kufunga makanisa. Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kabla mwezi haujaisha makanisa na misikiti yote ilikuwa imefungwa. Ilistahili. Ibada zetu sisi tunabanana kwenye mabenchi, kwaya tunaimba mabega yakigusana, tukitoka nje kila mtu anamkumbatia kila mtu. Kuendelea vile kungetuua. Ninachokilalamikia ni yale yaliyofanywa na kanisa letu lenyewe, hapa Malindi, bila kulazimishwa na mtu. Jina silitaji. Washirika wenzangu watajua, na viongozi watajua zaidi.

Mimi ni mwimbaji wa kwaya, na ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama. Haya sikusimuliwa.

Milango ilipofungwa, kitu cha kwanza kutumwa kwenye kundi la WhatsApp kilikuwa nambari ya kutuma sadaka kwa M-Pesa. Ratiba ya maombi ilikuja baadaye. Orodha ya wagonjwa na wajane wa kutembelewa haikuja kabisa. Na nambari yenyewe si ya akaunti ya kanisa, ni ya simu ya mhazini. Tulipouliza, tukaambiwa ni kwa sababu kutuma simu kwa simu kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kumeondolewa makato mwaka huo. Ni kweli makato yaliondolewa. Lakini mwaka umekwisha na hakuna mshirika aliyeonyeshwa hata karatasi moja ya kilichoingia kwenye simu hiyo.

Kumbukeni hali ya mji wakati ule. Watalii wa Kiitaliano waliondoka Machi, mahoteli yakafunga, ndege za nje zikasimamishwa. Tarehe 8 Aprili Kaunti ya Kilifi ikawekewa vizuizi, hutoki huingii, hadi Juni. Kafyu saa moja jioni. Nusu ya waume na vijana wa kanisa letu wanaishi kwa hoteli: wapishi, wasafisha vyumba, walinzi, wachonga vinyago, waendesha tuktuk wa kubeba wageni. Wote walipewa likizo bila malipo. Mpishi mmoja, mume wa mwenzetu wa kwaya, alianza kukaanga viazi karai kando ya barabara, na saa kumi na mbili alikuwa lazima afunge, kabla wateja wa jioni hawajafika, kwa kuogopa polisi. Kwa watu hawa mchungaji alihubiri kwenye Facebook, Jumapili baada ya Jumapili, kuhusu fungu la kumi na ahadi za ujenzi. Hata Pasaka, tarehe 12 Aprili, mahubiri yalimalizika kwa nambari ya simu kusomwa mara mbili.

Kuhubiri kwa simu si kosa. Lakini mahubiri ya Facebook yanahitaji simu ya kisasa na bando. Wazee wetu wana mulika mwizi. Kwao kanisa lilikatika siku ile mlango ulipofungwa.

Kuna nyanya mmoja mjane, anakaa Maweni, umri wake umepita sabini. Kanisa hili tulipolijenga, yeye ndiye aliyekuwa akibeba maji kichwani kutoka kisimani ya kukorogea saruji. Kila jiwe analijua na aliyelitoa anamjua. Aprili na Mei hakufikiwa na mzee wa kanisa wala shemasi wala mchungaji. Ramadhani ilikuja mwishoni mwa Aprili. Jirani yake Mwislamu, msikiti wake nao umefungwa, mumewe naye hana kazi, ndiye aliyekuwa akimtuma mtoto kila magharibi na bakuli la uji wa pilipili manga, siku nyingine mbaazi na mahamri. Nyanya mwenyewe aliniambia, na hakuniambia kwa kulalamika. Alikuwa akimsifu jirani. Mimi ndiye niliyetoka pale nikitetemeka, kwa sababu tunajuana, na ninajua mchungaji alivyokula kwa huyu mama miaka yote alipokuwa mgeni hapa na hana jiko.

Sisi kina mama tukachanga wenyewe. Unga, mafuta, sabuni, barakoa tulizoshona. Tukaanza kuzunguka wawili wawili, tunaacha mlangoni, tunaomba tukiwa uani, hatuingii ndani. Unajua kilichotokea? Mwenyekiti wetu akaitwa na baraza la wazee, akaambiwa tusitumie jina la kanisa bila idhini, na kwamba michango yote ipitie kwa mhazini. Tukawauliza, ikipita kwa mhazini itawafikia lini? Hadi leo hawajajibu. Tuliendelea, lakini kwa kujificha, tena wengine wakaogopa wakaacha. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Walishindwa kwenda, na walioenda wakazuiwa.

Julai makanisa yakaruhusiwa kufunguliwa. Baraza la dini mbalimbali, lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria, lilitoa masharti: watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, walio chini ya miaka 13 na waliozidi 58 wabaki nyumbani. Sharti la umri lilikuwa chungu lakini nalielewa, wazee ndio waliokuwa wakifa. Ila ukimwambia mzee abaki nyumbani, wewe kiongozi unajitwika wajibu wa kumfuata huko nyumbani. Meza ya Bwana, yaani ushirika mtakatifu, inabebeka. Wagonjwa wa hospitali wamekuwa wakipelekewa miaka nenda miaka rudi. Mwaka huo haikutoka nje ya geti.

Na ile orodha ya watu 100 ilitengenezwaje? Unaandikisha jina WhatsApp kwa katibu. Daftari lake nimeliona kwa macho yangu, nilitumwa kulichukua: jina, nambari ya simu, halafu safu ya ahadi ya ujenzi na kiasi ulicholipa. Nataka mtu anieleze ahadi ya ujenzi inahusiana vipi na nafasi ya kuketi mita moja na nusu kutoka kwa mwenzako. Mpishi wa viazi karai aliomba nafasi wiki nyingi akaambiwa imejaa. Alipolipa sehemu ya ahadi, nafasi ikapatikana wiki hiyohiyo.

Jumapili moja ya mwezi Agosti nilikuwa getini, zamu ya kunawisha watu mikono. Nyanya wa Maweni akaja. Leso safi, kitambaa cheupe cha kichwa, barakoa ameivaa vizuri kuliko vijana wengi. Mhudumu wa mlango akampima joto kwenye paji la uso, kisha akamdai kitambulisho. Akakisoma, akamrudishia, akamwambia, "Mama, sheria haikuruhusu." Nyanya akasema, "Mwanangu, sikuja kukaa ndani. Nimeleta sadaka yangu ya tangu Machi, simu sijui kuituma." Akafungua pindo la leso, noti zimekunjwa ndogondogo, na sarafu. Mhudumu akapokea, akazitia kwenye bahasha, akaandika jina. Kisha akamwambia arudi nyumbani, asisimame pale, polisi wakipita kanisa litafungwa. Alikuwa amesimama chini ya mkilifi, nje, peke yake, mbali na kila mtu. Hata kivuli cha mti alinyimwa.

Sadaka ikaingia, mwenye sadaka akafukuzwa. Hakuna kiongozi aliyetoka hata kumwambia asante.

Wiki chache baadaye mheshimiwa mmoja akaja na watu wake. Kichwa cheupe, miaka 58 ameipita zamani. Hakuombwa kitambulisho. Waliokuwa kwenye orodha wakainuliwa mabenchi ya mbele kuwapisha. Ibada ilizidi saa mbili.

Mwishoni mwa Septemba idadi iliongezwa, theluthi ya nafasi ya jengo. Daftari la katibu halikubadilika. Novemba madhabahu yakawekwa vigae vipya. Nimevikanyaga nikienda kuimba. Kwa hiyo pesa zilikuwepo, hilo ndilo ninalotaka mlione. Mfuko wa wahitaji tuliambiwa hauna kitu, na vigae vikapatikana katika mwaka huohuo, kwa washirika haohao wasio na kazi.

Mmoja wa wazee waliotuezekea makuti ya kanisa la kwanza alifariki mwaka huohuo wa 2020. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15, na familia ilimwachia mchungaji nafasi moja kati ya hizo 15. Hakuja, akatuma ujumbe. Sala ya kaburini aliongoza mwenzetu wa kwaya.

Sasa ni Machi 2021, na nasikia kuna ibada ya shukrani inaandaliwa, kushukuru kwamba kanisa limevuka mwaka. Tumeshatumiwa nambari ya kuchangia, ni ileile ya simu ya mhazini. Mimi sichangi, na kina mama wengi tumekubaliana hatuchangi.

Tunachotaka ni hiki. Hesabu ya kila shilingi iliyopita kwenye simu ile tangu Machi mwaka jana, isomwe mbele ya washirika wote, na wazee wa nyumbani wapelekewe nakala. Safu ya ahadi ifutwe kwenye daftari la viti. Na mchungaji aende Maweni kwa miguu yake, aanze na yule nyanya.

Kanisa letu limeandikishwa kwa Msajili wa Vyama, na ninavyofahamu chama kilichoandikishwa kinatakiwa kuitisha mkutano mkuu kila mwaka na kutoa hesabu kwa wanachama. Kwetu mkutano haujaitishwa, kisingizio ni korona, ilhali ibada ya shukrani imewezekana. Kama kuna mdau aliyewahi kumwandikia Msajili kuhusu jambo kama hili, anieleze barua inaandikwaje, inahitaji sahihi za watu wangapi, na inapelekwa ofisi gani kwa sisi wa Kilifi. Sahihi tunazo, tumeanza kukusanya nyumba kwa nyumba, na wazee wasiojua kuandika wanatia dole gumba.