Tupeane uzoefu: kisima kimepata mafuta, hisa imeporomoka

Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima zenu.

Mijadala mingi kuhusu hisa za kampuni ndogo za mafuta huishia kwenye swali moja: kisima kitatoka na mafuta au kitakuwa kikavu? Kwangu mimi hiyo ndiyo hatari nyepesi kuliko zote, maana haimfichiki mtu. Visima vya utafutaji kwenye maeneo mapya hushindwa mara nyingi kuliko vinavyofaulu, na kampuni yenyewe huandika hivyo kwenye nyaraka zake.

Uzi huu ni wa upande wa pili. Mafuta yapo, yamethibitishwa, pengine yanatoka kabisa, na mwenye hisa bado anaumia. Nani kapitia? Tusitaje majina ya kampuni kwenye mikasa yetu binafsi. Yale yaliyokwisha kuwa habari ya dunia nzima, ruksa.

Naanza. Nilikuwa na hisa za kampuni iliyomiliki asilimia 30 ya kitalu cha baharini. Kisima kikapata mafuta, hisa ikaruka asubuhi ileile. Baada ya muda, jioni soko limeshafungwa, likaja tangazo jingine: kampuni inauza hisa mpya kwa wawekezaji wakubwa, kwa bei iliyo chini ya ile ya sokoni, ili ichangie gharama za kisima cha tathmini, yaani cha kupima mafuta yaliyopatikana ni mengi kiasi gani. Hisa zilikuwa milioni 400, zikawa milioni 600. Aliyelala na asilimia 1 ya kampuni aliamka na asilimia 0.67. Sisi wadogo hatukualikwa. Walioalikwa walipewa na nyongeza, haki ya kununua hisa nyingine baadaye kwa bei iliyopangwa, kwa hiyo kila bei ilipojaribu kuinua kichwa kulikuwa na mtu anauza.

Kisima cha tathmini nacho kikafaulu. Mnajua kilichofuata: hisa mpya tena. Ukiwa na asilimia 30 ya kitalu unadaiwa asilimia 30 ya kila bili, na mbia mkubwa anayeendesha kazi hakusubiri ujipange. Ugunduzi ulikuja na madeni miaka mingi kabla ya senti ya kwanza ya mauzo.

Karibuni.

Kokoto

Mkuu umegusa penyewe. Mimi nimefanya kazi kwenye mitambo ya kuchoronga, upande wa kuchunguza vipande vya mwamba vinavyopanda juu na tope. Ngoja niwaonyeshe tangazo la "dalili nzuri" linazaliwa wapi.

Vipande vinachekechwa, unaviosha, unaviweka chini ya darubini, halafu unavipeleka chini ya taa ya urujuanimno. Kama kuna mafuta vinang'aa: mafuta mepesi yanaelekea bluu-nyeupe, mazito yanaelekea manjano na kahawia. Unadondosha kiyeyushi na kutazama mafuta yanavyochuruzika kutoka kwenye kipande, haraka au kwa kusuasua. Unaandika: mng'ao hafifu, sehemu ndogo ya sampuli. Basi. Ripoti ikipanda ngazi mbili tatu, kule juu inatoka "dalili za kutia moyo za mafuta". Na si uongo, mng'ao ulikuwepo.

Ila mng'ao haukuambii kama mwamba unapitisha. Nimeona mwamba umeloa mafuta ambayo hayasogei hata kidogo, kwa sababu vitundu vyake havijaunganika. Kisima kile kilizibwa kwa saruji tukahama. Ukitaka ukweli subiri jaribio la utiririshaji, na hata hapo uliza limechukua saa ngapi. Saa chache za mwanzo kisima kinaweza kutoa kiwango cha kupendeza, halafu mgandamizo unashuka na picha nyingine inatokea. Tangazo likitaja kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa bila kutaja kilichodumu, mimi huwa nalifunga.

Mfano wa hadharani ni Desire Petroleum, iliyokuwa ikitafuta mafuta karibu na visiwa vya Falkland. Desemba 2010 ilitangaza kwamba kisima chake kimepata mafuta. Siku chache baadaye ikarudi kusema kwamba kilichomo zaidi ni maji. Hisa ilipoteza karibu nusu ya thamani.

Mgeni jamvini

Mkuu Kokoto, sasa nyie mnaoona wa kwanza si mngekuwa matajiri?

Kokoto

Kununua hisa kwa siri za kazini ni jinai. Ukiajiriwa unasaini kabisa. Halafu mengi niliyoyaona kwenye ile taa yangenifilisi.

Tarakimu

Kokoto ameeleza mwamba, mimi niongezee mapipa. Watu wanachanganya mafuta yaliyoko ardhini na mafuta yanayoweza kutolewa, na kampuni zinafaidika na mkanganyo huo.

Aprili 2015 kampuni iitwayo UK Oil & Gas ilihusishwa na habari kwamba chini ya bonde la Weald, kusini mwa Uingereza, huenda kuna mapipa bilioni 100. Vyombo vya habari vikalipuka, hisa ikapaa. Lakini maelezo yaleyale yalisema kinachoweza kutolewa ni kati ya asilimia 3 na 15, na kampuni ikalazimika kutoa ufafanuzi kwamba hiyo bilioni 100 ni ya bonde zima, haimo kwenye eneo lake peke yake. Halafu kikaja kikwazo ambacho sidhani kama mnunuzi yeyote wa 2015 alikifikiria: Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilibatilisha kibali cha uzalishaji cha Horse Hill, kisima kilichozaa habari ile, kwa sababu tathmini ya mazingira haikuhesabu hewa chafu itakayotokana na kuchomwa kwa mafuta hayo.

Ripoti huwa na viwango vitatu vya akiba. Cha kwanza ni kile ambacho uwezekano wa kukifikia au kukipita ni angalau asilimia 90, cha pili asilimia 50, cha tatu asilimia 10. Chini ya hapo kuna mafuta yaliyogunduliwa ambayo bado hayana mpango wa kibiashara, na chini kabisa kuna yale ambayo hata kuchorongwa hayajachorongwa, ni makisio ya kwenye ramani. Kadiri kampuni inavyokuwa changa ndivyo kichwa cha habari kinavyochota kutoka chini.

Hesabu Kali

Mimi mafuta yalikuwa yanatoka, yanauzwa. Kilichonipiga ni benki.

Kampuni niliyokuwa nayo ilikopa kwa dhamana ya akiba iliyo ardhini. Mikopo ya aina hiyo hupimwa upya, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Bei ya mafuta ikishuka, thamani ya dhamana inashuka, na benki inakupunguzia kiwango unachoruhusiwa kukopa. Kama umeshatumia zaidi ya hapo, unarudisha tofauti, tena wakati ambao huna. Mapipa yaliyokuwa yakitoka kila siku hayakupungua hata moja. Kampuni ikauza nusu ya kisima chake bora kwa bei ya kutupa.

Kumbukeni ilikuwa baada ya katikati ya 2014, pipa lilipotoka juu ya dola 100 hadi chini ya 30 mwanzoni mwa 2016. Kipindi hichohicho Gulf Keystone, yenye uwanja mkubwa wa Shaikan kule Kurdistan ya Iraki, ilielemewa na madeni. Mwaka 2016 takriban dola milioni 500 za deni ziligeuzwa kuwa hisa, wadai wakachukua sehemu kubwa ya kampuni na wenye hisa wa zamani wakabaki na kipande. Uwanja haukwenda popote. Uliendelea kutoa mafuta, ila kwa faida ya wengine. Xcite Energy ilikuwa na mafuta mazito ya Bentley, Bahari ya Kaskazini. Hati fungani zake za dola milioni 135 zilipoiva 2016 haikuweza kuzilipa, ikaishia kufilisiwa.

Mwenye hisa yuko mwisho wa foleni. Mimi sasa kabla ya kusoma habari za visima nasoma deni linaiva lini.

Kimya Kimya

Yangu ni fupi. Niliangalia bei: kununua senti 2.1, kuuza senti 1.8. Ukibofya tu, umeshapoteza asilimia 14 kabla ya kamisheni ya dalali. Siku ya habari mbaya wanunuzi walitoweka, agizo langu la kuuza likakaa pale hadi soko likafungwa. Bei ya kwenye skrini ilikuwa pambo tu.

Mzee wa Gawio

Vijana, mnatisha watu upande mmoja. Cove Energy ilikuwa kampuni ndogo yenye asilimia 8.5 ya kitalu cha gesi katika bonde la Rovuma, baharini mwa Msumbiji. Gesi ikapatikana kwa wingi, wakubwa wakagombea, na mwaka 2012 PTTEP ya Thailand ikainunua kwa karibu dola bilioni 1.9, Shell ikiwa imejitoa kwenye kinyang'anyiro. Wenye hisa walicheka. Na mimi nimewahi kuuza moja kwa faida nzuri, mnunuzi mkubwa alipojitokeza.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, shikamoo. Sikatai, lakini Cove imethibitisha hoja yangu. Waliofaidi ni waliouza kwa mkubwa kabla ya zile gharama nzito za ujenzi. Linganisha na Rockhopper: iligundua mafuta ya Sea Lion, Falkland, mwaka 2010. Ugunduzi wa kweli, si maji. Zaidi ya muongo mmoja ukapita bila pipa moja kuuzwa.

Mzee wa Gawio

Marahaba. Hapo kwa muda nimekuelewa. Lakini basi sema wazi kwamba unanunua uwezekano wa kununuliwa, tuache kujidai tunasubiri gawio.

Nyakati

Kuna hatari ambayo haimo ardhini wala kwenye vitabu vya hesabu: serikali na bomba.

Uingereza ilianzisha kodi ya ziada ya faida za nishati Mei 2022 kwa asilimia 25, ikapanda hadi 35 Januari 2023, kisha 38 Novemba 2024. Ukijumlisha na kodi nyingine za sekta unafika asilimia 78. Kampuni kubwa ina visima kila bara, inahamishia nguvu kwingine. Ndogo yenye uwanja mmoja inahamia wapi? Na Machi 2023 bomba linalopeleka mafuta ya kaskazini mwa Iraki hadi bandari ya Ceyhan, Uturuki, lilisimama kwa sababu ya mgogoro wa kisheria baina ya nchi. Shaikan hiyohiyo aliyoitaja Hesabu Kali ikakosa njia ya kusafirisha nje. Kisima kizima, pampu nzima, mafuta hayakuwa na pa kupita.

Bei nayo msiisahau. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa mafuta ya WTI (mafuta ghafi ya Marekani) wa mwezi wa Mei ulifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Kampuni zilizokuwa zimefunga bei mapema kwa mikataba zilipumua. Nyingi ndogo hazikuwa zimefunga, kwa kuwa kufunga kunagharimu.

Mgeni jamvini

Wakuu nimesoma yote, kichwa kinauma. Niulize kitu kimoja. Ninayo moja, kisima kinaanza kuchorongwa miezi saba kutoka sasa. Nitajuaje kama watatoa hisa mpya?

Hesabu Kali

Fungua ripoti ya karibuni ya robo mwaka au nusu mwaka. Chukua fedha taslimu. Toa mchango wao wa kisima kama wameutaja. Kinachobaki gawa kwa matumizi ya kawaida ya mwezi: mishahara, ofisi, ada za leseni, riba. Unapata miezi.

Mgeni jamvini

Hawajataja mchango wa kisima. Nimegawa tu fedha zote kwa matumizi. Imetoka miezi mitano.

Hesabu Kali

Na hapo kisima hakijahesabiwa. Basi hisa mpya zinakuja kabla ya kuchoronga, labda wapate mbia wa kuwalipia gharama naye achukue sehemu ya kitalu. Angalia pia kama mkutano mkuu uliopita uliwapa wakurugenzi idhini ya kutoa hisa bila kuwapa kwanza wenye hisa waliopo. Iko kwenye maazimio ya mwishomwisho, yale ambayo hakuna anayeyasoma.

Mgeni jamvini

Ipo. Azimio la tisa.