Intaneti ya Vitu: tuanze na malori, mita za maji au vihisio vya shambani?

Mleta mada (Morogoro): Ndugu wanajukwaa, mimi na mwenzangu ni mafundi umeme na tuna akiba ya kuanzia biashara ya Intaneti ya Vitu, yaani vifaa vinavyopima jambo na kutuma taarifa vyenyewe. Tumebakiwa na njia tatu: kufunga vifaa vya kufuatilia malori, kuwafungia wenye visima na nyumba za kupangisha mita za maji zinazolipiwa kabla, au kuwapelekea wakulima wa mboga vihisio vya unyevu wa udongo. Ni ipi yenye nafasi ya kukua?

Fundi wa Tunduma: Soko la malori lipo, ila limejaa. Mwenye lori hakulipi ili aone nukta ikitembea kwenye ramani. Anakulipa kwa sababu dizeli inanyonywa njiani, hivyo asiyeweza kufunga kihisio cha tangi na kulipima tangi hilo lita kwa lita atabaki kushindania bei na kila duka la vipuri. Zaidi ya hapo, lori likivuka kwenda Zambia au Lubumbashi, laini ya kawaida hunyamaza au humaliza salio. Ulizieni laini za mashine zinazofanya kazi katika nchi kadhaa kabla hamjasaini mkataba na mteja yeyote.

Mpwani (Mombasa): Mimi ningechagua mita bila kusita. Huko kwenu watu wamekwisha kuizoea LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na huku tumelipa kwa M-Pesa tangu 2007. M-KOPA ilianza 2012 kuuza mitambo ya sola yenye laini ndani yake, ambayo hujifunga malipo yakikatika. KopaGas ya Dar es Salaam ilipeleka wazo hilo kwenye mitungi ya gesi, na mwaka 2020 Circle Gas iliinunua teknolojia yake kwa dola milioni 25. Kilichokuwa na thamani pale ni uwezo wa kumuuzia mtu gesi ya siku moja na bado ukapata faida. Mtungi wenyewe ni ule ule. Tahadhari yangu ni moja: chagueni vali kwa uangalifu. Maji ya visima vyetu yana chumvi, vali ikiota ukoko haifungi sawasawa, na maji hupita bila kulipiwa huku mita ikiamini kwamba imefunga.

Mkulima wa Ilula: Vihisio muviache kwanza. Mwenye robo eka ya nyanya hupima udongo kwa kidole, na kidole hakidai ada ya mwezi. Wateja wa kweli ni mashamba makubwa na wenye vyumba vya baridi.

Mhandisi (Nairobi): Kabla ya mita, amueni mtandao. Laini ya simu ni rahisi kuanza nayo lakini hula betri na ada. LoRaWAN, mtandao wa redio wa kutuma taarifa fupi mbali kwa umeme mdogo, hutumia masafa yasiyohitaji kununuliwa na betri hudumu miaka, ila kituo cha kupokea mawimbi mtakijenga na kukitunza ninyi, na vifaa lazima viidhinishwe na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Msitegemee mtandao wenye mmiliki mmoja duniani: Sigfox, kampuni ya Ufaransa yenye mtandao wake wa vifaa kama hivi, ilipoingia ufilisi Januari 2022, waliojenga biashara juu yake walisubiri hadi UnaBiz ya Singapore ilipoinunua.

Mleta mada: Nashukuru. Tunafikiria kuanza na nyumba za kupangisha za Kihonda, kwa kuwa kituo kimoja kinaweza kuhudumia mtaa mzima. Swali limebaki: mita iwe mali ya nani?

Mpwani (Mombasa): Iwe yenu. Mwenye nyumba asilipe chochote mwanzoni, nanyi mkate sehemu ya kila malipo ya maji. Mkimuuzia mita, mtaonana naye tena siku inapoharibika tu, naye atataka mtengeneze bure.