Mjadala: Unayeuguza mtoto wodini, nani anakuuliza umekula?

MamaPacha: Nimeuguza siku 19, hospitali ya rufaa. Mwanangu ana miaka sita, msamaha wa matibabu wa watoto chini ya miaka mitano umempita. Hakuna aliyeniuliza nalala wapi, wala wale pacha niliowaacha Kibaigwa wako na nani. Afisa ustawi wa jamii nilimwona siku ya kuruhusiwa, kwa sababu ya deni. Mama wa kitanda cha pili alikuwa anamalizia uji uliobaki kwenye kikombe cha mtoto, ndiyo chakula chake cha siku. Ustawi waje siku ya kulazwa, siyo siku ya bili! Akina baba nao tuliwaona jioni tu, mikono mfukoni.

FundiBomba: Mikono mfukoni? Mimi nililala nje kwenye benchi siku nane. Mlinzi anasema wodi ina akina mama, baba mwisho saa kumi na mbili. Hela ya vipimo unadhani iliokotwa?

BintiPangani: Kaka, hajakutaja wewe.

FundiBomba: Kasema akina baba. Mimi ni baba.

NesiWaZamu: Usiku tuko wawili, watoto thelathini na kitu. Nimuulize kila mama amekula? Ustawi mwenyewe ni mmoja hospitali nzima. Toto Afya Kadi, ile bima ya afya ya watoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, waliposimamisha 2023 foleni ya msamaha hapa kwetu ikafika kwenye ngazi.

MzeeKijiweni: Zamani bibi na shangazi walipokezana kuuguza. Siku hizi kila mtu na lake.

BintiPangani: Bibi yuko Kasulu, mzee wangu. Nauli unamtumia wewe?

MzeeKijiweni: Binti, nimeuguza wajukuu watatu. Usinifundishe nauli.

MamaPacha: Kaka Fundi, nisamehe. Mume wangu alikuja mara mbili, ndiyo maana nikaandika vile. Ila Nesi, kuuliza ni dakika tano: nyumbani kabaki nani, simu ya ndugu ipi, hela ya kula ipo? Halafu pale nyuma kuna banda la kupumzikia ndugu, lina kufuli mwaka mzima.

NesiWaZamu: Ufunguo anao msimamizi wa wodi. Muombeni.

FundiBomba: Nilimuomba. Nikaambiwa banda ni la akina mama.