Makanisa na viwanja vya baroki mjini Győr: nianzie wapi nikiwa na siku moja?

Muulizaji: Mwanafunzi wa Budapest

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasoma Budapest, na Jumamosi ijayo nimepanga kwenda Győr, mji wa kaskazini-magharibi mwa Hungaria uliokaa mahali ambapo mito ya Rába na Rábca inakutana na Mosoni-Duna, ambayo ni tawi la mto Danube. Nimeambiwa kwamba kiini cha mji huo ni cha mtindo wa baroki, yaani ujenzi wa karne ya 17 na 18 wenye mapambo mengi, na kwamba makanisa na viwanja vyake vya kale vinafikika vyote kwa miguu.

Ombi langu halihusu njia peke yake. Mimi ni Mkatoliki niliyekulia katika kigango chenye kuta za chokaa, msalaba mmoja na sanamu moja ya Bikira Maria, na kila ninapoingia katika makanisa ya huku, yenye dhahabu na malaika kila pembe, macho yangu hayajui yatue wapi. Nitatoka nikiwa na picha nyingi kwenye simu na uelewa mdogo. Mwenye kuujua mji huo anielekeze: nianze na lipi, na nitazame nini hasa?

Jibu: Mkaazi wa Zamani wa Győr

Ndugu yangu, mimi nilisoma katika mji huo, na ushauri wangu ni kwamba usianzie ndani ya kanisa lolote. Anzia nje, kwenye sanamu ya Sanduku la Agano, iliyoko katika kiwanja kidogo chini ya kilima cha Káptalandomb. Mwaka 1729, katika maandamano ya Ekaristi, askari waliokuwa wakimsaka mwenzao aliyetoroka jeshini walizua vurugu, na katika msukumano huo monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, ikaanguka kutoka mikononi mwa padre. Kwa mji wa Kikatoliki wa wakati ule, hilo lilikuwa jeraha la watu wote. Mfalme Karoli III wa Hungaria akaagiza ijengwe sanamu ya kutaka radhi, na mwaka 1731 ikasimamishwa, kwa mchoro unaohusishwa na Joseph Emanuel Fischer von Erlach wa Vienna. Utawaona malaika wamelibeba Sanduku, nguo zao zikipepea kana kwamba bado wanatembea.

Nimekupeleka huko kwanza kwa sababu kisa hicho kinaufungua mji mzima. Viwanja vya Győr havikuwa nafasi tupu zilizoachwa mbele ya majengo ili yapendeze. Vilikuwa sehemu ya ibada: Ekaristi ilitoka altareni, ikapita mlangoni, ikazunguka barabarani katikati ya watu waliopiga magoti, kisha ikarudi. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini sura za mbele za makanisa zimepambwa kama altare, na kwa nini sanamu za watakatifu zimewekwa nje, zikitazama kiwanja.

Kutoka hapo nenda Bécsi kapu tér, yaani kiwanja cha Lango la Vienna. Hapo kuna kanisa la Wakarmeli, shirika la watawa wa Kikatoliki. Lilijengwa kati ya mwaka 1721 na 1725, na aliyelichora, Martin Wittwer, alikuwa bruda wa shirika hilohilo. Ukiingia, tazama umbo la nafasi kabla ya mapambo: ukumbi ni wa duara refu, hauna safu za nguzo zinazokuburuta moja kwa moja hadi mbele, na altare za pembeni zinakuzunguka. Kaa kwenye benchi la katikati, tulia, uache macho yazunguke bila haraka. Mimi nalipenda kanisa hilo kuliko yote ya mjini, pengine kwa sababu halina papara.

Jibu: Msomaji wa Historia

Naunga mkono maelezo hayo, na ninaongeza tahadhari moja. Ukishuka kwenye treni, jengo kubwa litakalokupokea mkabala na kituo ni Ukumbi wa Mji, lenye mnara na mapambo mengi, na wageni wengi hulidhania kuwa la baroki. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuiga mtindo wa kale. Lipite, ufuate barabara ya Baross, ambayo ni ya watembea kwa miguu, hadi Széchenyi tér.

Katika kiwanja hicho kuna Nguzo ya Maria, iliyosimamishwa na Askofu Lipót Kollonich kumshukuru Mungu kwa kukombolewa kwa Buda, ambayo leo ni sehemu ya Budapest, kutoka kwa Waturuki mwaka 1686. Usiipite bila kuifikiria. Győr ilikuwa ngome ya mpakani kwa miaka mingi, na Waturuki waliishika kuanzia mwaka 1594 hadi 1598. Baroki unayoiona ilistawi hasa baada ya hofu hiyo kuondoka, wakati mji wa askari ulipogeuka kuwa mji wa wafanyabiashara na mapadre, hata Maria Theresa akaupa hadhi ya mji huru wa kifalme mwaka 1743. Roshani zilizofunikwa, zilizochomoza kwenye pembe za nyumba za kiwanja hicho na mitaa ya jirani, ni alama ya utajiri wa wenye nyumba wa wakati ule.

Mbele ya nguzo kuna kanisa la Mtakatifu Inyasi, lililojengwa na watawa Wajesuiti kuanzia miaka ya 1630, na ambalo leo liko mikononi mwa watawa wa shirika jingine, Wabenedikto. Hapa ndipo utumie muda wako. Paul Troger alichora dari katika miaka ya 1740, na picha za dari za namna hiyo zina mahali pake pa kutazamiwa. Ukisimama pembeni kabisa, viungo vya watu vinaonekana kupinda na kufupika. Sogea hatua kwa hatua kwenye njia ya katikati, kichwa umekiinua, mpaka miili inyooke na mawingu yaonekane kupaa kupita paa lenyewe. Mchoraji alilipanga jambo hilo kwa hesabu, na kuliona likitokea mbele ya macho yako ni furaha kubwa. Jirani ya kanisa kuna duka la kale la dawa la Wajesuiti hao, nalo lina dari ya nakshi za plasta inayostahili dakika chache.

Muulizaji: Mwanafunzi wa Budapest

Asanteni sana, ndugu zangu, nimenufaika kuliko nilivyotarajia. Je, Kanisa Kuu nalo ni la baroki? Na milango huwa wazi Jumamosi?

Jibu: Mkaazi wa Zamani wa Győr

Kanisa Kuu limepita mikono mingi. Chimbuko lake ni la karne ya 11, kuta zake zina sehemu za Kigothi, mtindo wa zama za kati uliotangulia baroki, na mapambo ya ndani ni ya baroki, pamoja na michoro ya Franz Anton Maulbertsch ya miaka ya 1770. Tafuta picha ya Bikira Maria iliyoletwa na Askofu Walter Lynch, aliyekimbia Ireland wakati Wakatoliki walipoteswa na Cromwell, mtawala wa Uingereza. Masimulizi ya kanisa hilo yanasema kwamba tarehe 17 Machi 1697 picha hiyo ilitoa machozi ya damu. Kisha ingia katika kikanisa cha Héderváry, yalipo masalia ya Mfalme Mtakatifu Ladislaus wa Hungaria ndani ya sanamu ya kichwa iliyopakwa dhahabu. Humo pia amezikwa Mwenye heri Vilmos Apor, askofu aliyepigwa risasi siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1945 akiwakinga wanawake waliojihifadhi kwake dhidi ya askari wa Kisovieti. Mimi nilizoea kusali hapo, na sikuwahi kukuta kaburi hilo halina maua.

Kuhusu milango, nje ya saa za Misa makanisa mengi hufunguliwa hadi kwenye wavu wa chuma wa sehemu ya kuingilia tu, nawe hutazama ndani ukiwa hapo. Jumamosi alasiri kuna harusi pia. Panda treni ya mapema katika kituo cha Keleti au Kelenföld, hapo Budapest, safari ni ya takriban saa moja na nusu, na uhudhurie Misa ya asubuhi kwa Wabenedikto au kwa Wakarmeli kama ipo siku hiyo. Wakati wa Misa taa huwashwa, na dari ya Troger huonekana vizuri zaidi zikiwa zimewaka.